Oili ya cheni ya pawasoo

Wale mnakata miti na pawasoo, wacheni kumwaga oili chafu ya gari kwa tenki ya cheni juu eti ni ya bure. Iko na vumbi ya chuma, inaziba pampu na kukula baa (ile chuma ndefu cheni inazungukia). Oili ya cheni yenyewe inanata, ukiishika na vidole viwili inavutika kama mrenda, ndio maana cheni hairushi yote. Ukikosa, heri oili mpya ya injini ya SAE 30 (hiyo ni namba ya uzito wa oili), ingawa itaisha haraka. Na wakati wa baridi kama ya Julai oili nzito haitoki vizuri asubuhi, kwa hivyo elekeza ncha ya baa kwa katoni, vuta resi, ukiona laini ya oili imechoreka uko sawa, usipoona zima ucheki kashimo ka oili pale kwa baa, mara mingi kamezibwa na unga wa mbao.