Kabla Hujabandika "Nyumba Inauzwa" Getini

Nyumba ya mama yangu Buruburu, Nairobi, tuliiuza wenyewe, bila dalali, na ikatuchukua miezi kumi na mmoja. Ingetuchukua mitano. Mnunuzi wa kwanza aliyekuwa na pesa mkononi alituponyoka kwa sababu ya herufi moja: jina la pili la mama limeandikwa kwenye hati miliki kwa namna moja na kwenye kitambulisho kwa namna nyingine. Tulipoligundua, yule bwana alikuwa ameshaiona nyumba mara mbili na kumleta mke wake. Tukamwomba subira tukaape kwa wakili na kufuatilia marekebisho. Alisubiri wiki tatu, akanunua nyumba nyingine mtaa wa Komarock.

Soko likichangamka, mnunuzi akikukuta hujajiandaa atakusubiri, kwa sababu anajua kuna wengine watano nyuma yake. Likilala, yeye ndiye anayesubiriwa na wauzaji watano. Ndiyo maana nashauri uanze na makaratasi kabla hata ya kumwita fundi wa rangi.

Jambo la kwanza ni kuipekua nyumba yako mwenyewe kana kwamba unainunua. Kwa Nairobi hilo hufanyika kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021: unafungua akaunti kwa kitambulisho chako, unaomba upekuzi rasmi, na unasoma kilichoandikwa pale polepole. Je, jina ni lako, herufi kwa herufi? Kuna zuio lililowekwa na mtu? Kuna rehani ya benki uliyomaliza kulipa zamani lakini haijawahi kuondolewa kwenye rejista? Hili la mwisho huwapata wengi. Mtu alimaliza mkopo zamani, akapewa barua ya pongezi, akadhani yameisha, kumbe hakuna aliyepeleka hati ya kuondoa rehani kwenye msajili. Vilevile hati nyingi za jijini zilizotolewa chini ya sheria za zamani zinabadilishwa na kupewa namba mpya. Kama yako bado, muulize wakili sasa, usingoje mnunuzi ndiye akuulize.

Kama jina lililo kwenye hati ni la marehemu, bado huna nyumba ya kuuza. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi, na kwa kawaida uthibitisho huo hautolewi kabla ya miezi sita kupita tangu msimamizi ateuliwe. Sisi tuliokolewa na jambo moja: baba na mama walikuwa wameandikishwa kama wamiliki wa pamoja kwa ile namna ambayo mmoja akifariki, haki yake hubaki kwa aliye hai. Cheti cha kifo kilitosha kuliondoa jina la baba. Angalia hati yako inasemaje, maana kuna umiliki wa pamoja wa aina nyingine ambapo kila mtu ana fungu lake, na fungu la marehemu huenda kwa warithi wake.

Na kama umeoa au umeolewa, kaeni chini mzungumze kabla ya yote. Nyumba mnayoishi kama familia haiuzwi bila idhini ya mwenzako, hata kama jina kwenye hati ni lako peke yako. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 iko wazi juu ya hilo. Nimeona mauzo yakivunjika siku ya kutia sahihi kwa sababu mume alidhani mke atakubali tu. Ilikuwa aibu, na malipo ya kwanza yalibidi yarudishwe.

Kwenye hati angalia pia lisi, yaani muda uliokodishiwa ardhi. Nyumba nyingi za Nairobi ziko kwenye ardhi ya kukodishwa kutoka serikalini, na yetu ilikuwa na lisi ya miaka 99 iliyoanza katikati ya miaka ya 1970. Maana yake nusu imeshakwenda. Benki ya mnunuzi itahesabu miaka iliyobaki, na wewe uihesabu kabla yake, kwa sababu swali litakuja na jibu la kubabaika humfanya mtu ashushe bei papo hapo. Kwa ardhi ya aina hii utahitaji idhini ya kuhamisha umiliki na cheti cha kuonyesha hudaiwi kodi ya ardhi. Kando yake kuna ile ada ya ardhi ya kaunti, reti, ambayo wengi wetu huikumbuka tu tunapouza. Malimbikizo ya reti hukua kimyakimya pamoja na faini. Lipa, chukua cheti, kiweke kwenye faili. Wenye fleti waongeze barua ya kampuni inayosimamia jengo kuwa hawadaiwi ada ya huduma, na waulize kama jengo lao limeshahamishwa kwenda mfumo wa hati za fleti mojamoja chini ya Sheria ya Majengo ya Sehemu ya 2020.

Sasa niseme kuhusu ile nyongeza. Anayeijua Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, anajua ninachozungumzia: ukipita Mumias South Road au Rabai Road, nyumba nyingi zimesogea mbele, chumba kimeota ubavuni, kioski kimeota getini. Sisi tulikuwa na vyumba viwili nyuma ambavyo baba alivijenga ili vipangishwe. Ramani ya kaunti? Haikuwepo. Mthamini wa benki alipokuja na mnunuzi wa pili, alivipima kwa macho, akauliza kibali, akaviandika kwenye daftari lake bila kuviweka kwenye thamani. Kwa hiyo bei tuliyokuwa tumeipanga tukivihesabu vyumba vile ilikuwa bei ya ndoto. Ukiwa na nyongeza isiyo na kibali, amua mapema: ama uende kaunti kutafuta kuihalalisha, ama ukubali kwamba utaiuza nyumba kwa thamani ya kile kilichoidhinishwa. Na kama ukuta wako umeingia kwenye hifadhi ya barabara, mwite mpima ardhi akuonyeshe bikoni zako, zile alama za mpaka, ziko wapi. Hasara yake ni ndogo ukilinganisha na mnunuzi kuligundua mwenyewe.

Kodi ya ongezeko la thamani ya mali (capital gains tax, si VAT) ni ya muuzaji, na watu huishtukia mwishoni. Kuanzia 1 Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 5. Kuna msamaha ambao wengi hawaujui: nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuihamisha haitozwi. Mama alikuwa ameishi pale miaka zaidi ya arobaini, hivyo hatukulipa, ingawa ilibidi tuonyeshe ushahidi. Ikiwa nyumba yako umeipangisha, tafuta risiti. Tuseme uliinunua kwa milioni 5, ukaikarabati kwa milioni 1, unaiuza kwa milioni 12. Ukiwa na risiti za ukarabati faida ni milioni 6 na kodi ni 900,000. Bila risiti faida inakuwa milioni 7 na kodi ni 1,050,000. Laki moja na nusu imekwenda kwa sababu ya karatasi za duka la simiti ulizotupa. Ushuru wa stempu, ambao jijini ni asilimia 4, ni mzigo wa mnunuzi, lakini uujue kwa sababu yeye anauhesabu ndani ya bajeti yake.

Kuuza bila dalali hakumaanishi kuuza bila wakili. Mkataba wa ardhi Kenya lazima uandikwe, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Makubaliano ya mdomo hayana nguvu mahakamani. Kwa desturi wakili wa muuzaji ndiye anayeandika rasimu, mnunuzi analipa asilimia 10 mwanzoni, na mauzo hukamilika ndani ya siku 90 hivi. Mtafute wakili wako mapema, mpe faili lote, muulize gharama zake kwa maandishi. Msitumie wakili mmoja na mnunuzi hata akiwa ni binamu yako.

Halafu bei. Hapa ndipo moyo unaposumbua. Februari 2024 Benki Kuu ilifikisha riba yake ya msingi asilimia 13, na ingawa ilianza kuishusha Agosti mwaka huohuo, wanaonunua nyumba ya kuishi bado wanaogopa mkopo. Wengi wanakusanya kwa sacco, kwa chama, au ndugu aliye ng'ambo anatuma kidogokidogo. Mtu kama huyo ana kiasi chake, na hakipandi kwa sababu wewe una kumbukumbu nzuri za nyumba. Usiulize majirani wanataka kuuza kwa bei gani. Tafuta wale waliomaliza kuuza, uwaulize kwa heshima walipata ngapi na ilichukua muda gani. Mlipe mthamini aliyesajiliwa. Kisha kaeni kama familia, mwandike kwenye karatasi bei ya mwisho ambayo hamtashuka chini yake, na mkubaliane nani ana ruhusa ya kusema "sawa". Kwetu kaka yangu aliahidi punguzo kwenye simu bila kutuambia, na mwezi mzima tulikuwa na bei mbili.

Dalali hudai asilimia 3 hivi. Kwa nyumba ya milioni 12 hiyo ni 360,000, na ndiyo sababu tulijifanyia wenyewe. Lakini madalali watakuja hata ukiandika wasije. Mmoja alikuwa akiitangaza nyumba yetu kwa bei yake, ameweka cha juu, yaani nyongeza yake mwenyewe juu ya bei yetu, cha laki nane, na wateja wakawa wanatupigia kutuuliza kwa nini tunapandisha. Amua mapema: ama umkatae kabisa, ama mwandikiane kamisheni yake na bei moja tu ya kutangaza. Kamwe usimruhusu akuwekee cha juu. Matangazo yetu yaliyozaa matunda yalikuwa matatu: bango la getini, kundi la WhatsApp la kanisa, na karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa hospitali ambako dada yangu anafanya kazi. Huko ndiko alikotoka mnunuzi wetu, muuguzi aliyetaka kukaa karibu na kazi.

Nyumba yenyewe usiikarabati kupita kiasi. Kabati mpya za jikoni hazikurudishii pesa. Rekebisha kinachovuja, paka rangi nyeupe, toa nusu ya vitu vilivyojaa sebuleni, na uwashe taa zote. Unyevu ukutani usiufunike kwa rangi. Tafuta bomba lililopasuka. Yule muuguzi alipofika alikwenda moja kwa moja jikoni, akafungua mfereji, akasimama akiutazama. Hakusema neno. Maji yalitoka, akauacha utiririke kidogo, kisha akamgeukia mama.

"Mama, maji ya kaunti huja siku gani hapa?"

"Jumanne na Ijumaa, mwanangu. Siku nyingine ni tangi. Njoo nikuonyeshe, ni la lita elfu tano."

Wakapanda wote wawili juu nyuma ya nyumba, mama na magoti yake mabovu, wakalitazama tangi. Baadaye muuguzi alituambia kwamba nyumba mbili alizoziona kabla ya yetu alihakikishiwa maji yapo kila siku, na mfereji ukakoroma tu. Andika ukweli kuhusu maji, kelele za baa, mchango wa ulinzi wa mtaa, na foleni ya Jogoo Road asubuhi. Alirudi tena siku ya kazi saa moja asubuhi, kwa matatu, kupima safari.

Kwa usalama wenu, wageni waje mchana, wawakute wawili au zaidi, na waandike majina na kuonyesha kitambulisho getini. Picha ya hati miliki usiitume kwa simu kwa mtu yeyote. Mpe namba ya hati, akapekue mwenyewe. Hati halisi ikae kwa wakili. Pesa zipitie akaunti za mawakili. Na hata soko likiwa limelala namna gani, usimpe mtu funguo ahamie akilipa polepole. Utamsikitikia ana watoto, atasema atamalizia mwezi ujao, na kumtoa kutakuchukua miaka mahakamani.

Andika orodha ya vinavyobaki na vinavyoondoka, mtie sahihi wote: tangi, pampu, hita ya bafuni, mapazia, miti ya parachichi. Siku ya kukabidhi funguo piga picha ya mita ya maji na ya stima, mpe mnunuzi namba ya mita ya tokeni, na nendeni pamoja kwenye ofisi ya maji mkabadilishe jina la akaunti siku hiyohiyo. Mama aliacha pia ngazi ya mbao, kwa sababu ndiyo pekee inayofikia lile tangi.