Kabla ya Kwenda Dodoma Kutoa Maoni Juu ya Muswada: Mambo ya Kuzingatia kwa Taasisi za Serikali Mtwara na Lindi

Barua ya kuitwa mbele ya Kamati ya Kudumu ya Bunge hupitia wizara mama, na ikishafika Mtwara au Lindi siku zilizobaki huwa chache. Kusini kuna ofisi nyingi zinazoweza kuitwa muswada unapogusa eneo lao: Bodi ya Korosho yenye makao makuu Mtwara, watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele, bandari, forodha, shirika la petroli TPDC kwa sababu ya gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo, wasimamizi wa ushirika, watu wa hifadhi ya bahari. Dodoma kuna wanasheria wa kutosha. Kamati ina wake, wizara ina wake, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali ana ofisi nzima. Wasichokuwa nacho ni mtu anayejua kifungu fulani kitafanya nini pale ghalani Newala mwezi Novemba. Ninaamini kabisa kwamba hicho ndicho taasisi inachoitiwa, na kila unachokiandaa kipimwe kwa hilo.

Anza kwa kuusoma muswada wenyewe, si muhtasari uliotumiwa kwenye kundi la WhatsApp la idara. Nenda kwanza nyuma kabisa, kwenye madhumuni na sababu, uone serikali inasema inataka kutatua nini. Kisha rudi kwenye vifungu huku sheria mama, yaani ile inayorekebishwa, iko wazi mezani, kwa sababu muswada wa marekebisho ukisomwa peke yake hausemi kitu. Utakuambia kifungu kidogo cha pili kinafutwa na kuandikwa upya, na usipokuwa na kile kilichofutwa hujui kilichopotea. Hapa kuna jambo la kuangalia sana siku hizi: Toleo la Urekebu la Sheria la 2023, yaani mkusanyo mpya wa sheria zote zilizopangwa upya, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na namba za vifungu zinaweza kutofautiana na zile zilizo kwenye nakala yenu ya zamani iliyojaa alama za kalamu. Hakikisheni wote mnaokwenda mnashika toleo moja.

Sasa lile la msingi. Kila kifungu kinachoigusa ofisi yenu kitembezeni kutoka mwanzo mpaka mwisho wa kazi, hatua kwa hatua, pamoja na watu wanaoifanya. Tuseme muswada unataka mkulima wa korosho alipwe ndani ya siku saba, na atakayechelewesha apigwe faini. Nani atalipinga hilo? Mezani linapendeza. Lakini lipelekeni chamani. Mkulima amepima kwenye mizani ya AMCOS, chama chake cha msingi cha ushirika, amepewa stakabadhi yake, na mzigo wake umekaa ukisubiri wenzake wafikie shehena ya gari. Umefika ghala kuu, umekaguliwa, pengine umekutwa na unyevu na kurudishwa ukaanikwe. Umekubaliwa, umeingia kwenye orodha ya mnada, wakulima wamekubali bei, mnunuzi amepewa muda wa kulipa. Fedha zimeingia benki, chama kikuu cha ushirika kimechambua malipo ya kila AMCOS, AMCOS imepeleka orodha ya wakulima wake, na humo kuna akaunti imelala, na jina moja limeandikwa tofauti na lilivyo benki.

Siku saba zinahesabiwa kuanzia wapi? Siku ya mizani, siku ya mnada, au siku mnunuzi alipoweka fedha? Jumamosi na sikukuu zimo? Na faini inamwangukia nani: mnunuzi, chama kikuu cha TANECU au RUNALI, benki, au katibu wa AMCOS kule Kitangari ambaye fedha hazijamfikia? Muswada ukinyamaza hapo, mwenye kubeba mzigo atakuwa yule dhaifu kuliko wote. Ofisi iliyofanya zoezi hili inakwenda kwenye kamati na pendekezo la maneno manne au matano tu, labda “tangu mnunuzi alipokamilisha malipo”, na maneno hayo yana thamani kuliko kurasa ishirini za utangulizi kuhusu umuhimu wa zao. Mketisheni mezani mtunza ghala. Mketisheni mhasibu wa chama. Wapeni nauli kama wanatoka Liwale, muda huo haupotei.

Zoezi hilohilo linafaa kwa gesi, kwa ufuta na mbaazi zinazouzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, hata kwa uvuvi wa pweza. Kinachobadilika ni njia tu.

Baada ya hapo, takwimu. Hapa ndipo wengi wanapokamatwa, na si kwa uongo, ni kwa kutokupatana. Bodi inahesabu korosho zilizouzwa mnadani. Forodha inahesabu zilizotoka nje ya nchi. Bandari inahesabu zilizopita kwenye gati lake. Hesabu tatu, zote sahihi, zote tofauti, na mbunge wa Kusini anaweza kuwa nazo zote kwenye faili lake. Tena msimu wa korosho unafunguka karibu na Oktoba na kuvuka mwaka, wakati mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi. Mtu akisema “mwaka 2017/2018”, msimu uliovuka tani 313,000, muulizeni kwanza anahesabu mwaka upi. Kaeni taasisi zote mnaoitwa kabla ya safari, muoanishe takwimu, na pale zisipooana muandike sentensi moja ya kueleza kwa nini. Kila namba iwe na mahali ilipotoka na tarehe iliyochukuliwa. Namba ambayo hakuna anayejua chimbuko lake iondoeni, hata kama inaibeba hoja vizuri.

Nasisitiza hili kwa sababu kinachosemwa Dodoma huku kinasikilizwa neno kwa neno. Tarehe 22 Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni na habari ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam ikathibitishwa, mji wa Mtwara uliingia kwenye vurugu zilizoua watu na kuteketeza mali. Mwaka 2018 mvutano juu ya fedha za tozo ya kusafirisha korosho ghafi, ambazo sehemu yake kubwa ilikuwa ikirudi kuendeleza zao, uliwafanya wabunge wa Kusini wasimame kwa ukali bungeni. Afisa anayetaja mgawanyo wa fedha au ahadi ya mradi mbele ya kamati azungumze akijua kwamba jioni maneno yake yatakuwa Mikindani, Ruangwa na Msimbati.

Kuna suala la msimamo, nalo linahitaji ujasiri wa kiasi chake. Muswada wa serikali unawasilishwa na waziri, na taasisi iliyo chini yake haiendi kupingana naye mbele ya kamati. Lakini hilo halina maana ya kwenda kuitikia tu. Tofauti zenu na wizara zimalizeni kwa maandishi mapema, na mkishindwa kuafikiana juu ya sera, bado mna wajibu wa kueleza ukweli wa utekelezaji mkiulizwa: kwamba kazi hii inahitaji wakaguzi, na waliopo ni kadhaa, na wanasimamia wilaya fulani. Huo ni ukweli, si upinzani. Chini ya Sheria ya Haki, Kinga na Madaraka ya Bunge, Sura ya 296, kamati inaweza kumwita shahidi na kudai nyaraka, na kutoa ushahidi wa uongo ni kosa. Mkubwa wa taasisi anayemwambia kijana wake “hilo usiliseme hata ukiulizwa” anamweka pabaya.

Kama pendekezo lenu linahitaji fedha, someni Ibara ya 99 ya Katiba kabla hamjalipeleka. Jambo linaloongeza kodi au kutoa fedha kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina Bunge haliwezi kulishughulikia mpaka liwe limependekezwa na Rais kupitia waziri. Pendekezo zuri la kuanzisha mfuko likifikishwa kwenye kamati bila wizara na Hazina kujua, wajumbe watawaelewa na hawatakuwa na la kufanya.

Maandishi yawe mafupi. Jedwali la safu nne au tano linatosha: kifungu, kinavyopendekezwa, tatizo lake, maneno mnayopendekeza, sababu. Wajumbe na katibu wa kamati wanafanya kazi kwa jedwali, na mwandishi wa sheria akilipata lenye maneno yaliyokamilika anaweza kulichukua lilivyo. Picha za ghala na ramani za visima ziwe kwenye kiambatisho. Chapisheni nakala zaidi ya idadi ya wajumbe.

Nani aende? Mkuu wa taasisi, mwanasheria, na mtu mmoja anayeshika kazi yenyewe kwa mikono yake. Huyu wa tatu ndiye anayeachwa mara nyingi, eti cheo chake kidogo au posho haitoshi. Mbunge wa Nachingwea akiuliza kwa nini gunia limekaa ghalani kwa wiki mbili, jibu analo yeye. Mfanyisheni mazoezi: mwacheni mwenzenu ajifanye mjumbe mkali, amkatishe, ambadilishie swali. Afundishwe kuanza na “Mheshimiwa Mwenyekiti”, kujibu kilichoulizwa, na kunyamaza. Asichokijua aseme hana taarifa hiyo kwa sasa na italetwa kwa maandishi siku fulani. Kubuni jibu ili kuokoa uso wa ofisi kunaiharibu ofisi.

Safari nayo ipangwe kwa akili. Mkutano wa bajeti unaanza Aprili, mvua zikiwa zimekolea. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga na kwingineko, magari yakalala njiani kwa siku. Anayesubiri basi la mwisho miezi hiyo anaiweka kamati rehani. Njia ya Masasi, Tunduru, Songea mpaka Iringa ni ndefu lakini iwe kwenye mpango, na nyaraka zitangulie kwa barua pepe ili anayekwama njiani asikwame na ushahidi. Mkutano wa Novemba una ugumu mwingine: ni katikati ya minada, na wale mnaowahitaji Dodoma ndio wanaohitajika maghalani. Wateueni wa kuwashikia kazi mapema.

Kuna miswada isiyosubiri. Julai 2015 sheria tatu kubwa, ya Petroli, ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi, na ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji, zilipitishwa bungeni kwa hati ya dharura, yaani kwa haraka bila kusubiri muda wa kawaida, na ndizo zinazotawala gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo mpaka leo. Ikija hati kama hiyo hakuna muda wa kumtafuta mtunza ghala. Kwa hiyo ofisi iwe na faili linalojazwa mwaka mzima: kila kifungu kilicholeta mgogoro, barua ya malalamiko ya chama, hukumu, tafsiri iliyotolewa na mwanasheria. Mkuu wa kitengo cha sheria alipitie kila robo mwaka.

Mkirudi kazi haijaisha. Majibu mliyoahidi kwa maandishi yafike kabla kamati haijaandika taarifa yake, maana baada ya hapo yanakuwa karatasi tu. Fuatilieni jedwali la marekebisho ambalo serikali italipeleka siku ya kusomwa mara ya pili, muone kilichoingia na kilichoachwa. Kilichoachwa kiandikeni kwenye lile faili pamoja na sababu, kwa sababu sheria ikishasainiwa waziri atatunga kanuni, na siku ngapi zinahesabiwa kuanzia wapi ni jambo linaloweza kurekebishwa humo.