Somo: Kumchukua paka kituoni na kumzoesha nyumba

Kazi kubwa ya kumchukua paka kituo cha kutunzia wanyama inaanza akishafika nyumbani. Kwa hiyo tunaanzia nyumbani.

1. Chumba kwanza, paka baadaye. Tenga chumba kimoja chenye mlango unaofungika na madirisha yenye wavu. Weka maji, chakula, boksi la karatasi lililotobolewa tundu la kuingilia, na beseni la choo lenye mchanga wa kina cha sentimita 5 hadi 7. Beseni likae mbali na chakula, kwani paka hapendi kula karibu na anapojisaidia. Kosa kubwa ni kumwachia nyumba nzima siku ya kwanza. Mahali asipopajua harufu hutafuta uvungu, na akishajibanza nyuma ya friji anaweza kukaa huko bila kula, kunywa wala kwenda chooni. Chumba kidogo humpa eneo analoweza kulimiliki.

2. Kituoni. Kaa chini karibu na vizimba dakika kumi na tano hivi, bila kumshika yeyote. Macho yawe maangavu, pua isitoe kamasi. Uchafu mweusi masikioni, mfano wa kahawa ya unga, mara nyingi ni utitiri. Unatibika, usimkatae kwa hilo. Aliyejikunyata kwenye kona si lazima awe mkali, maana kelele za kituo huwatisha hata wapole. Muulize mhudumu, yeye ndiye anayemwona kila siku. Kitoto kisichukuliwe kabla ya wiki 8.

3. Karatasi. Omba kwa maandishi: chanjo na tarehe zake, dawa za minyoo na viroboto, kama amehasiwa au amefungwa kizazi, na majibu ya vipimo vya FIV (virusi vya upungufu wa kinga kwa paka) na FeLV (virusi vya leukemia ya paka). Virusi hivyo viwili haviambukizi binadamu, lakini huambukiza paka wengine. Uliza pia anakula chakula gani.

4. Safari. Tumia kizimba cha kubebea, ukifunike kwa kitambaa chepesi. Usimpakate garini; akishtuka ataingia chini ya miguu ya dereva.

5. Chakula. Endelea na kile cha kituoni. Ukitaka kubadilisha, changanya robo ya kipya, kisha nusu, kisha robo tatu, kwa siku 7 hadi 10. Ukibadilisha ghafla anaweza kuharisha.

6. Kuzoeana. Kaa sakafuni, usimkazie macho, umwache aje mwenyewe. Usimvute kutoka mafichoni hata mara moja: boksi lile ndilo linalompa ujasiri wa kutoka.

Maswali ya wanachama

*Naomba kuuliza, hajala tangu jana asubuhi. Nisubiri?*
Usisubiri. Paka asiyekula kwa siku moja apigiwe daktari wa mifugo simu, hasa akiwa mnene, kwa sababu mafuta ya mwili huanza kujaa kwenye ini na linaweza kushindwa kazi. Wakati huohuo pasha chakula kiwe vuguvugu. Harufu ndiyo inayomwita.

*Nina paka mwingine. Niwakutanishe lini?*
Watenganishe wiki mbili, kwani magonjwa mengine hayaonekani mapema. Kisha badilishana vitambaa vya kulalia, uwalishe pande mbili za mlango uliofungwa. Wakila kwa utulivu, fungua upenyo mdogo. Wakifokeana, rudi hatua moja nyuma. Mabeseni yawe matatu, moja zaidi ya idadi ya paka.

*Anapiga chafya tangu alipofika.*
Mafua ni ya kawaida kwa paka wa vituoni. Virusi vilivyolala huamka akipata mfadhaiko wa kuhama. Kamasi zikiwa nzito, macho yakijifunga au akiacha kula, mpeleke kwa daktari. Usimpe parasetamoli kabisa. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

*Dawa ya viroboto ya mbwa inafaa?*
Hapana. Nyingi zina permethrini, ambayo ni sumu kwa paka. Humletea mitetemeko na degedege.

*Dume wangu anaingia beseni kila mara, anajikamua, mkojo hautoki.*
Ndugu, mpeleke hospitali ya wanyama sasa hivi, hata kama ni usiku. Njia ya mkojo huenda imeziba, na bila matibabu anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.