Pilipili mbuzi kwenye ndoo: kilimo cha roshani Dar es Salaam

Miche mingi ya pilipili mbuzi inayokufa ghorofani hufa kwa kuzidishiwa maji. Mimi nilipoteza mitano kwa mpigo kwa njia hiyo, kwa hiyo tukifika kwenye umwagiliaji nitakaa hapo kidogo.

Hatua ya 1: Lijue jua lako

Pilipili inataka jua lenyewe, si mwanga tu, kwa saa sita au zaidi kila siku. Hapa Dar jua hupitia upande wa kaskazini mwezi Juni na Julai, na kufikia Desemba limehamia kusini. Roshani inayotazama kusini inaweza kukaa kivulini kutwa wakati wa kusi, hata kama Desemba ilikuwa inawaka. Nikiambiwa nichague, nachagua roshani ya mashariki: mmea unaota jua la asubuhi, alasiri unapumzika.

Hatua ya 2: Mbegu

Nunua sokoni pilipili iliyoiva kabisa, isiyo na doa. Vaa glavu, ipasue, toa mbegu, zianike kivulini siku tatu hadi tano. Zipande kina cha nusu sentimita kwenye kikombe cha mtindi ulichokitoboa chini. Huchukua wiki mbili kuota, wakati mwingine tatu, kwa hiyo usizifukue kuchungulia. Mche ukifikisha majani sita, uhamishe jioni.

Hatua ya 3: Ndoo na udongo

Mche mmoja, ndoo moja ya lita 20. Ya lita 10 itafaa ukikosa, ila utamwagilia mara nyingi zaidi. Toboa matundu sita hadi nane chini yake kwa kisu kilichopashwa moto. Usiweke kokoto chini, maana maji hutuama kwenye udongo ulio juu yake. Iinue ndoo juu ya vipande vya mbao ili sakafu isizibe matundu, na weka sinia la kukingia maji ili jirani wa chini asinyeshewe.

Udongo mtupu ukikaa ndooni hushikana kama tofali. Mimi nachanganya makopo mawili ya udongo mweusi, moja la samadi iliyooza hadi haina harufu, na moja la makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi yaloweke usiku kucha kwanza na umwage maji yake, kwa sababu huwa na chumvi.

Hatua ya 4: Maji

Saa saba mchana majani yatalegea. Utashtuka na kukimbilia kopo. Subiri! Chomeka kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Ukikuta unyevu, uache mmea: umelegea kwa joto tu, jioni utasimama wenyewe. Ukimwagilia kila unapolegea, mizizi hukosa hewa na kuoza. Mizizi iliyooza hainyonyi maji, basi mmea hulegea zaidi, nawe unaongeza maji. Hivyo ndivyo mitano yangu ilivyokwisha.

Kidole kikitoka kikavu, mwagilia asubuhi mpaka maji yatiririke matunduni, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sinia.

Angalia pia maji yenyewe. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na kingo za majani zimeungua, tumia maji ya bomba, au kinga maji ya mvua wakati wa masika uusuuze udongo.

Hatua ya 5: Maua na wadudu

Januari na Februari, usiku ukiwa wa joto, maua mengi hupukutika. Usijibu kwa mbolea ya urea, itakupa majani matupu. Tikisa matawi taratibu asubuhi ili chavua ianguke, na joto likipungua yatashika.

Geuza majani kila wiki utafute vidukari. Ukiwakuta, nyunyiza kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, jioni, ukilenga chini ya majani.

Hatua ya 6: Kuvuna

Tangu kuhamisha mche hadi tunda kuiva ni miezi mitatu hadi minne. Kata kwa mkasi pamoja na kikonyo, kwani ukivuta tawi hukatika. Mikono ikiwasha, ipake mafuta ya kupikia kwanza, ndipo uoshe kwa sabuni.

Usiung'oe mmea baada ya mavuno. Punguza matawi hadi nusu, ongeza viganja viwili vya samadi, nao utachipua tena.