Jinsi ya Kuanzisha Mahali pa Kukutania kwa Jamii ya LGBTQ

Wengi wanaotaka kuwaanzishia watu wa jamii ya LGBTQ (wanaopenda watu wa jinsia yao au wa jinsia zote mbili, waliobadili jinsia, na wengine kama hao) mahali pa kukutania hukimbilia kutafuta jengo, kisha kodi huwashinda kabla hata wahusika hawajafahamiana. Kinachostahili kutangulia ni saa. Chagueni siku moja ya juma na muda usiobadilika, na muutunze hata wanapofika watu watatu tu, kwa maana mtu aliyeishi miaka mingi akijificha hupita mbele ya mlango mara kadhaa kabla ya kuthubutu kuingia, na siku aliyojipa moyo akikuta pamefungwa, huenda asirudi tena. Mwaka 1955, wanawake wanane wa San Francisco, Marekani, walianzisha Daughters of Bilitis, chama cha wanawake wanaopenda wanawake, kwa kukutana majumbani mwao, kwa kuwa baa walizoweza kwenda zilikuwa zikivamiwa na polisi, nao walitaka kuzungumza na kucheza dansi bila hofu. Chama hicho kiliingia katika harakati za kudai haki baadaye.

Amueni mapema mahali hapo ni pa nani. Utasikia hoja kwamba palipo wazi kwa wote panatosha, nami siikubali: katika mchanganyiko wa kawaida mtu hupima kila neno, kila mguso na kila nguo kabla ya kuonekana, na thamani ya mahali maalumu ni kupumzika na hesabu hiyo kwa saa mbili au tatu. Ndugu na marafiki wanaowaunga mkono watengewe siku yao.

Jambo la pombe linahitaji uangalifu. Kwa miongo mingi baa ndiyo iliyokuwa sebule ya jamii hii, na haikuwa bahati kwamba machafuko ya Juni 1969 mjini New York, ambapo watu wa jamii hii waliwapinga polisi waliowavamia, yalianzia katika baa, Stonewall Inn. Lakini mahali panapoishi kwa mauzo ya vinywaji huyumba kodi inapopanda. Utafiti wa University College London ulionyesha kwamba kumbi za jamii hii jijini London zilipungua kutoka 125 mwaka 2006 hadi 53 mwaka 2017. Zaidi ya hayo, baa huwaacha nje vijana, wanaojitahidi kuacha ulevi, na wale wasiopenda makelele. Chai, michezo ya mezani na rafu ya vitabu vyatosha kwa kuanzia.

Mtu muhimu kuliko wote ni anayekaa mlangoni. Asiwe msemaji hodari wa kikundi, bali mtu mtulivu anayekumbuka sura. Amwulize mgeni jina analopenda kuitwa, asimwulize yeye ni nani katika herufi zile za LGBTQ, wala asimtake asimulie alivyojitambulisha kwa wazazi. Kisha amkutanishe na mtu mmoja tu, kwa kuwa kutambulishwa mbele ya watu ishirini ni adhabu kwa mwenye haya, na ampe shughuli ndogo ya mikono, kama kumimina chai, ili asipate tabu ya kutafuta maneno.

Picha zipigwe marufuku isipokuwa kwa idhini ya kila anayeonekana. Pale ambapo sheria huwaadhibu watu hawa, msitunze orodha ya majina wala msitangaze anwani. Mtu aelekezwe baada ya kuzungumza na mwenyeji anayeaminika.

Kwa maoni yangu, vikundi vingi havivunjwi na adui wa nje bali na wapenzi walioachana wanaogombania meza moja. Chagueni watu wawili wa kusikiliza malalamiko, wasio na uhusiano wa kimapenzi wao kwa wao, na muandike ni kosa gani linalomwondoa mtu. Michango iwe ya hiari, na hesabu zisomwe hadharani.

Kikundi kikishadumu miezi kadhaa, tafuteni chumba. Kiwe na milango miwili ya kutokea, choo cha faragha kinachofaa jinsia zote, njia isiyo na ngazi, na usafiri wa karibu hadi usiku. Ikiwezekana kiwe na nafasi ya kuviazimisha vikundi vingine: kituo cha jamii hii kilichoanzishwa New York mwaka 1983 kiliviazimisha vikundi kumbi zake hivyo, na Machi 1987 ndani yake kikazaliwa ACT UP, kikundi kilichodai dawa za UKIMWI.