Unataka kufanya kazi na kampuni kubwa? Jua kwanza wanatafuta nini kwako

Naona vijana wengi wenye startapu (kampuni changa) wanaenda kwa kampuni kubwa kama mtu anayekwenda kuomba msaada, wakati hao wakubwa nao wana shida zao na ndio maana wamekubali kukaa na wewe. Kwahiyo kabla hujaandika hata imeli moja jiulize, mimi nina nini ambacho hawa na pesa zao zote hawana?

Mara nyingi jibu ni kwamba wewe unaweza kujaribu ukakosea na maisha yakaendelea. Kampuni yenye wateja mamilioni ikikosea siku moja magazeti yanaandika, mdhibiti anaita, wenye hisa wanakuja juu, halafu humo ndani kitu kidogo tu kinazunguka kamati hadi kamati kutafuta saini. Wewe unaingia Kariakoo au Gikomba asubuhi, unaongea na wauzaji ishirini, jioni umeshabadilisha bei. Hayo uliyojifunza kwa siku moja wao yangewachukua miezi, na ndiyo wanayoyataka.

Angalia M-KOPA. M-Pesa ya Safaricom ilianza Kenya 2007, na Nick Hughes wa Vodafone ni mmoja wa walioisuka, baadaye akatoka na pamoja na wenzake wakaanzisha M-KOPA ambayo iliingia sokoni 2012 kuuza sola kwa mkopo, unalipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na ndani ya kifaa kuna laini ya simu, usipolipa kinazimwa kutoka mbali. Safaricom kuzunguka vijijini kufunga taa na kufuatilia vijideni vya kila siku haikuwa kazi yake, lakini kila malipo yalipita kwenye mtandao wake. Kila mtu kapata chake. Na 2017 Safaricom wakafungua Daraja, ambayo programa yeyote anaweza kupitia kuunganisha mfumo wake na M-Pesa, maana hawawezi kubuni kila kitu wenyewe.

Sasa ukienda, usianzie ofisi ya ubunifu. Watakupokea vizuri, mtapiga picha, ila mara nyingi bajeti hawana. Mtafute mwenye maumivu. Kama kitu chako kinapunguza mizigo kupotea njiani nenda kwa mkuu wa usambazaji, yeye ndiye anayeulizwa kila mwisho wa mwezi. Mpelekee namba: wateja wangapi, wangapi walirudi mwezi wa pili, wapi ulifeli na ukabadilisha nini. Hiyo ya kufeli usiifiche jamani, ndiyo inayowaonyesha umelijua soko.

Majaribio ya kitu chako na hao wakubwa ndipo watu wanapoumia. Mimi nilikaa na kampuni moja kubwa miezi nane tunajaribu bila malipo, kila mkutano sura mpya naanza kueleza upya, mwishowe meneja aliyekuwa anatusimamia akahamishwa kituo na kazi ikafia hapo hapo, vijana wangu wanne nimewalipa kwa akiba ya nyumbani. Tangu siku hiyo siingii bila karatasi inayosema majaribio yanaisha lini, tutapima nini, wanalipa kiasi gani hata kama ni kidogo, na tukifikia hizo namba nini kinafuata. Na uwe na watu wawili ndani, sio mmoja.

Kwenye mkataba soma sana sehemu ya data na msimbo wa programu (code), ni vya nani mkiachana? Wakitaka usiwauzie washindani wao, kubali kwa miezi michache tu na wakulipie hiyo miezi. Siri ya jinsi mfumo unavyofanya kazi ndani usiimwage mkutano wa kwanza, onyesha matokeo.

Pesa sasa. Wakubwa wengi wanalipa siku 60 au 90 baada ya invoisi, na wewe mshahara ni kila tarehe 30, kwahiyo omba malipo ya awali mapema, wakati bado wanakutaka. Idara ya manunuzi watadai usajili, namba ya mlipakodi, hati safi ya kodi, viandae kabla hujaitwa. Ukiambiwa LPO (oda yao ya maandishi ya kununua) imetoka, usianze kazi kwa simu ya bosi peke yake, subiri yenyewe iwe mkononi, angalia kiasi na jina la kampuni yako limeandikwa sawa, maana herufi moja ikikosewa mhasibu wao atairudisha na siku zinaanza kuhesabiwa upya.