Mjukuu akisema "yaani" kila neno: namna ya kumsikiliza kabla ya kumsahihisha

Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka 31, na nilipostaafu sikio halikustaafu. Kijana akikaa barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, akaanza "Bibi, yaani, kiukweli, yaani", mkono ulikuwa unatafuta kalamu nyekundu. Nawaandikia wazee wenzangu kwa sababu nilikosea, na kosa lile lilimuumiza mtoto.

Mwaka jana mjukuu wangu alikuja kutoka Dar es Salaam. Baada ya magharibi akavuta kigoda, akakaa karibu yangu. "Bibi, yaani, kuna kitu, yaani, hata sijui, yaani, pale kazini, unajua, nini..." Nilikuwa na tasbihi mkononi. Kila "yaani" nikavuta punje moja, na nikahakikisha anaona. Ilipofika ya tisa nikamwambia, "Mume wangu, yaani tisa na habari yenyewe bado." Akatabasamu, akasema haina shida bibi, akaingia ndani kulala. Siku ya tatu mama yake ndiye aliyenieleza. Kijana alikuwa hajalipwa miezi miwili, mwenye nyumba anamdai, naye alikuja kuniomba ushauri. Zile yaani tisa zilikuwa za mtu anayetafuta pa kukanyaga, na mimi nilikuwa nazihesabu.

Kwa hiyo jambo la kwanza: mwache amalize. Usimkatize, usikunje uso, na usimrudishie neno lake kwa kumwiga. Kumwiga ndiko kubaya zaidi, maana wadogo zake wakisikia wanacheka, naye hatakaa kigodani tena.

Wakati anasema, sikiliza kila neno linafanya kazi gani, maana hayafanani. "Yaani" tumeipata kwa Waarabu, na kazi yake ya asili ni kufafanua: "Amekuja kaka yake, yaani yule wa Pangani." Hiyo ni sahihi kabisa, hata kwenye insha ningeipa alama. Ipo yaani ya mshangao, "Yaani wewe!", ambayo wazee tunaitumia kuliko vijana. Ya tatu ndiyo inayotukera, ile ya kushikilia zamu: kijana bado anatafuta neno na hataki umnyang'anye nafasi. Mwaka 2002 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Herbert Clark na Jean Fox Tree, waliandika kwamba hata "uh" na "um" za Kiingereza zina kazi. Msemaji humjulisha msikilizaji kwamba atakawia. "Uh" kwa kukawia kidogo, "um" kwa kukawia zaidi. Niliposomewa hayo nilimkumbuka yule mtoto na tasbihi yangu.

"Unaelewa?" nayo inawaudhi wengi. Mzee anaona anafanywa mjinga: mimi nikuelewe wewe, kwani umenizaa? Lakini mara nyingi kijana anauliza kwa sababu umekaa kimya kama ukuta. Tulipokuwa tukitolewa hadithi, mtambaji akisema "Paukwa!" sisi tuliitika "Pakawa!", na katikati ya hadithi kulikuwa na "enhe" za wasikilizaji. Jaribu hivyo. Akimaliza sentensi, sema "enhe" kwa sauti ya kumtaka aendelee. Nimeona kwa wajukuu wangu wote: nikiitika mapema, "unaelewa" na "si unajua" zinapungua bila mtu kusahihishwa.

Kisha jisikilize mwenyewe. Mwombe mtoto akurekodi kwenye simu dakika tatu unapoeleza jambo, mathalani namna ya kupika mkate wa kumimina. Mimi nilijisikia nikisema, "Unachukua ile nanihii, unaiweka kwenye nanihii, wajua tena." Nanihii saba. Hakuna kijana aliyewahi kunihesabia.

Jiulize pia kama hasira yako ni ya neno hilo kweli. Pengine ameingia bila shikamoo, au anaongea macho yake yakiwa kwenye simu. Hayo mwambie waziwazi. Tukishindwa kuyasema tunaishia kuipiga "yaani", kwa kuwa ndiyo rahisi kuinyooshea kidole. Na tusidhani ni uharibifu wa watoto wetu peke yao: wajukuu wa dada yangu walioko Nairobi wana "like" yao, na shemeji yangu wa Muscat, mtu mzima mwenye mvi, akiongea Kiarabu yaani haimwishi mdomoni.

Kumsaidia kuna wakati wake. Kama anakwenda kwenye mahojiano ya kazi, au ametumwa kuongea mbele ya watu, hapo yaani nyingi zitamponza, na ni haki yake kuambiwa. Mwite peke yake, mchana, akiwa ameshakula. Muulize kama anataka msaada. Akikubali, chukueni choroko kiganja kimoja na kikombe cha bati.

Aeleze jambo moja kwa dakika mbili: alikotoka, kazi aliyoifanya, anachokitaka. Kila akijikuta amesema yaani au kiukweli, adondoshe choroko kikombeni yeye mwenyewe. Ni muhimu mkono uwe wake. Ukihesabu wewe umerudi kwenye tasbihi. Sentensi ya kwanza aishike kwa moyo, maana hapo ndipo hofu inapomkaba. Nyingine asizikariri. Pale yaani inapotaka kutoka, afunge mdomo, avute pumzi, kisha aendelee. Atalalamika kwamba kimya kile ni kirefu mno. Mrekodi, msikilize pamoja, ataona ni kitambo kidogo tu. Arudie mara tatu, basi, siku hiyo inatosha.

Mjukuu wangu alianza na choroko 23. Mara ya tatu zilibaki tisa, na mojawapo ilikuwa yaani ya kufafanua, nikamwambia aitoe kikombeni, hiyo ni halali yake. Msiikimbilie sifuri. Kijana asiye na yaani hata moja husikika kama anasoma karatasi, na mwenye kuajiri anataka kumsikia mtu.

Zile fedha za miezi miwili alilipwa nusu. Sasa anatafuta mahali pengine, ana mahojiano Alhamisi, na jana aliniuliza kama choroko bado ziko dirishani.